Maji ya Ziwa Kivu na bustani ndani ya kioo: kwa nini mimea yangu ya Goma inayeyuka, na ya Bukavu inastawi?

#1 Bustani_ya_Maji (Goma)

Salamu kwenu nyote. Miezi miwili iliyopita nilitengeneza tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40, yaani lita 112 likijazwa hadi ukingoni. Chini nilitandaza udongo wa bustani, nikaufunika kwa mchanga mweusi niliouosha mara nyingi, kisha nikapanga mawe ya volkano ya mwaka 2002 kutoka kona ya kushoto, makubwa nyuma na madogo mbele, ili jicho lipande taratibu kama linavyopanda mlima wa Nyiragongo ukiutazama kutoka ziwani. Maji niliyachota ziwani, karibu na nyumbani, Himbi.

Rafiki aliniletea mimea ya aina nne kutoka Kampala: Vallisneria, Anubias, Cryptocoryne, na lile kangaga la maji la Afrika liitwalo Bolbitis heudelotii. Tuliigawana nusu kwa nusu na dada yangu anayekaa Bukavu. Kwake, ambako anatumia maji ya bomba, yote minne imeota. Kwangu Vallisneria inakua kwa nguvu na kutoa watoto, ingawa majani yake yana ukoko mweupe unaokwaruza kidole; Anubias imesimama pale pale; Cryptocoryne ilipoteza majani yote ndani ya siku kumi, yakawa kama ute; na kangaga limekuwa jeusi kuanzia shinani. Mimea ni ile ile na ilifika siku ile ile. Ni nini kinachoiua hapa kwangu?

#2 Mama_Konokono (Bukavu)

Pole, mdogo wangu. Kabla ya kuyashtaki maji, jua kwamba Cryptocoryne ina tabia ya kuyeyuka kila inapohamishwa. Wakulima wengi wa mimea ya biashara huikuza mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani, na majani ya hewani hayawezi kuishi chini ya maji, kwa hiyo mmea huyaacha yaoze kisha hutoa mengine. Usiing'oe hata kidogo. Yangu ilikaa wiki tano bila jani hata moja, nikakaribia kuitupa, na leo inafunika robo ya tangi.

Tuambie pia: taa unaiwasha saa ngapi kwa siku, una samaki wangapi, na kangaga ulilipandaje?

#3 Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Dada Mama_Konokono amesema kweli kuhusu Cryptocoryne, lakini maelezo yake hayagusi Anubias wala kangaga. Mimi ninayashtaki maji. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na juu yake asidi hupungua) inayokaribia 9, na mimea hujilisha kaboni. Katika pH hiyo, kaboni iliyoyeyuka majini karibu yote imo katika umbo la bikaboneti na kaboneti, na ile iliyobaki kuwa hewa ya ukaa huru haifiki asilimia moja. Vallisneria ina uwezo wa kuivunja bikaboneti na kuchukua kaboni iliyomo. Ndiyo sababu inastawi, na ule ukoko mweupe ni chokaa inayoganda juu ya jani mmea unapofanya kazi hiyo. Kuvumwani, ile mimea laini inayotandaa juu ya mawe yenye unyevu, na mingi ya mimea ya vijito vya msituni haina uwezo huo. Kwa dada yako, maji yanayoteremka kutoka milimani hayana chumvi nyingi, na pH yake iko karibu na 7. Tofauti yote imo humo.

#4 Bustani_ya_Maji (Goma)

Asanteni. Taa ya LED inawaka saa kumi kwa siku umeme ukiwepo. Nilianza na samaki wadogo sita, wakafa wanne katika wiki ya pili, wakihema juu ya maji. Kangaga nililipanda kama nilivyopanda mingine: nililichimbia shimo mchangani na kulifukia hadi majani yaanzapo, lisije likaelea.

#5 Jiwe_Jeusi (Goma)

Hapo ndipo penye kosa, ndugu. Bolbitis na Anubias vina shina nene linalotambaa, na shina hilo halifukiwi. Kwao vijitoni hushikilia mawe na magogo, maji yakipita pande zote. Ukilifukia shina linakosa hewa, linaoza na kuwa jeusi kuanzia chini, sawasawa na ulivyoeleza. Lichomoe leo, kata sehemu yote iliyolainika, halafu kipande kigumu kilichobaki kifunge kwa uzi juu ya jiwe la volkano. Mawe yetu yana matundu mengi na mizizi hushika kwa urahisi mno. Ukanda wenye mawe kama haya mlangoni pa kila mtu ungepaswa kuwa na bustani za maji nyingi kuliko mahali pengine popote.

Nami nina swali kwa Mwalimu. Tangi langu liko Katindo, maji yangu ni ya ziwa hili hili, na Anubias yangu ina miaka mitatu. Inakua polepole, majani matano au sita kwa mwaka, lakini inakua. Ikiwa kosa ni la pH, mbona yangu haikufa?

#6 Kamalondo_Kijani (Lubumbashi)

Salamu kutoka Katanga. Ninamuunga mkono Jiwe_Jeusi. Maji ya kisima chetu hutoka kwenye miamba ya dolomiti, na birika la chai hujaa magamba meupe kila mwezi. Hata hivyo kangaga langu limefunika gogo zima, na sijawahi kulipa kitu chochote zaidi ya mkondo wa pampu unaolipiga usoni. Lililonisumbua mimi ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mwaka ambao hita iliharibika nilipoteza samaki wote wa jamii ya Phenacogrammus interruptus, wale wenye mapezi kama hariri ambao asili yao ni bonde la mto Kongo.

Kwa kuwa mnazungumzia mawe, niwaonye. Kijana mmoja wa hapa alipamba tangi lake kwa vipande vya malakiti, kwa sababu rangi ile ya kijani inapendeza sana chini ya taa. Malakiti ni kaboneti ya shaba, na shaba huua konokono na uduvi kwa kiasi kidogo sana. Konokono wake hawakumaliza wiki. Malakiti ibaki kabatini.

#7 Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Yaya Kamalondo, maji magumu na maji yenye pH ya juu ni mambo mawili. Maji ya dolomiti yanapotoka ardhini mara nyingi huwa yamebeba hewa ya ukaa nyingi, na pH yake huwa kati ya 7 na 8. Huwezi kuyalinganisha na ya Kivu.

Jiwe_Jeusi, mmea ulao kidogo huishi kwa kidogo. Jani moja kila baada ya miezi miwili kwangu ni dalili ya njaa.

#8 Mpima_Maji (Goma)

Nimefanya kazi ya kupima maji kwa miaka mingi, nami naomba kumsahihisha Mwalimu kwa heshima. Asilimia aliyoitaja ni sahihi, lakini asilimia ndogo ya kitu kingi si lazima iwe ndogo. Maji ya Kivu yana bikaboneti nyingi kupita kiasi cha maziwa ya kawaida. Zaidi ya hayo, maji yoyote yaliyotulia na kuguswa na hewa huelekea kiasi kile kile cha hewa ya ukaa, takriban nusu miligramu kwa lita, iwe Goma, Bukavu au Lubumbashi. Kwa hiyo tangi la dada yake, likiwa halipulizwi hewa ya ukaa, halina utajiri mkubwa wa kaboni kuliko hili la Himbi. Njaa hiyo ni ya wote wawili.

Mimi ningetazama chuma. Katika pH ya 9 chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka, na mmea hauwezi kukinywa. Hata mbolea za maji zenye chuma kilichofungwa kwa EDTA, kemikali inayokishika chuma kisigeuke kutu, hazisaidii, kwa sababu kifungo hicho huanza kulegea pH inapopita 6.5 hivi, cha DTPA huvumilia hadi karibu 7.5; kinachostahimili 9 ni EDDHA, ambacho huyapaka maji wekundu. Vallisneria na Cryptocoryne hula kwa mizizi ndani ya udongo, ambako hakuna oksijeni na chuma kinayeyuka. Anubias na kangaga hunywa zaidi kutoka majini, na majini hakuna kitu.

Jambo la pili: maji ya juu ya ziwa letu yana magnesi nyingi kuliko kalsi kwa mbali, kwa sababu kalsi hujitenga kama chokaa na kuzama. Majani machanga yakitoka yamejikunja kama ndoana, shaka ya kwanza iwe kalsi. Bustani_ya_Maji, majani yako mapya yana sura gani?

#9 Bustani_ya_Maji (Goma)

Anubias imetoa jani moja tu tangu ifike. Ni la manjano, na mishipa yake imebaki kijani. Halikujikunja.

#10 Mpima_Maji (Goma)

Manjano yenye mishipa ya kijani kwenye jani jipya ni chuma. Lingekuwa jani la zamani ningewaza magnesi, lakini magnesi tunayo ya kuuza.

#11 Katindo_Juu (Goma)

Samahani, mbona hakuna aliyeuliza maji yalifikaje nyumbani? Watu wengi wa Goma huchota kwenye vituo vya ziwani ambako bidoni hutiwa klorini kwa bomba la sindano, kwa ajili ya kujikinga na kipindupindu. Klorini hiyo inaokoa maisha ya watu, lakini ukiyamwaga maji hayo tangini siku hiyo hiyo unachoma matamvua ya samaki na kuua bakteria wanaosafisha tangi. Yaache kwenye beseni lililo wazi kwa siku moja au mbili, juani ikiwezekana.

#12 Bustani_ya_Maji (Goma)

Ni kweli. Kijana aliyeniletea zile bidoni za kwanza alipitia kituoni, nami sikujua. Yaliyofuata niliyachota mwenyewe mbali na kituo.

#13 Mama_Konokono (Bukavu)

Basi samaki wamepata maelezo yao, ingawa mimi ningeongeza amonia. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla ya bakteria kuwa wengi wa kutosha kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Udongo wa bustani ukilowa hutoa amonia katika siku za mwanzo. Mbinu ya udongo chini ya mchanga, ambayo Diana Walstad wa Marekani ameifanya ijulikane, ni nzuri na ya gharama nafuu, lakini inataka subira. Katika pH ya 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia moja. Katika pH ya 9 ni zaidi ya theluthi. Uchafu ule ule ambao samaki wangu huuvumilia, wako unawaua.

#14 Jiwe_Jeusi (Goma)

Mama_Konokono, wewe kila ugonjwa unaupa jina la amonia. Mwaka jana ulinipa jina hilo hilo, kumbe paka ndiye aliyekuwa akila samaki wangu.

#15 Mama_Konokono (Bukavu)

Yule paka bado anahitaji kufungiwa, na amonia yako bado ilikuwa juu.

#16 Muhumba_Majini (Bukavu)

Ikiwa shida ni kaboni, dawa inajulikana: chupa ya lita mbili, sukari, hamira na maji ya uvuguvugu, na mpira mwembamba unaoingiza povu tangini. Nimeitumia mwaka mzima. Au nyinyi wa Goma mnayo mazuku inayotoka ardhini bure.

#17 Katindo_Juu (Goma)

Ndugu yangu, mazuku tusiitaje hivyo. Ni hewa ya ukaa ile ile, nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama mabondeni na mashimoni, na inaua mbuzi na watoto wasioiona. Asitokee msomaji kijana akaenda na mpira kwenye shimo.

Hata chupa ya hamira ina hatari yake hapa kwetu. Goma na Bukavu ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko maji ya pwani yenye joto hilo hilo. Hamira hailali usiku, ilhali mimea usiku hupumua oksijeni kama sisi. Samaki wanaohema alfajiri wanalalamikia jambo hilo. Weka pampu ya hewa usiku, na umeme ukikatika punguza samaki, usipunguze tahadhari.

#18 Mpima_Maji (Goma)

Tena katika maji yenye bikaboneti nyingi hivi, povu la chupa moja si la kutegemea kwa kuishusha pH, ingawa ninakubali kwamba mimea itaila hewa hiyo kabla haijapotea. Ukitaka kuishusha pH, njia ya uhakika ni kuchanganya na maji laini.

#19 Fundi_Vioo (Goma)

Ninatengeneza matangi, kwa hiyo niseme la kioo. Lita 112 ni kilo 112 za maji pekee; ongeza mawe, udongo na kioo chenyewe, unakaribia kilo 160 juu ya meza. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitetemeka siku nyingi, na nilipokea matangi saba yenye nyufa za chini. Yote saba yalikuwa yamewekwa moja kwa moja juu ya mbao au chuma. Weka bamba la povu gumu chini ya tangi, na jiwe kubwa lisiguse kioo. Litangulize juu ya kipande cha bamba kama hilo ndani ya tangi kabla ya kumwaga mchanga.

#20 Kamalondo_Kijani (Lubumbashi)

Ninawaza kwa sauti. Maji yenye pH ya 9, mawe meusi, Vallisneria inayostawi: hayo ndiyo mandhari ya Ziwa Tanganyika. Kwa nini ndugu yetu asiache kupigana na maji, akapanga mawe hadi juu, akaweka samaki wa Tanganyika, ambao kwao pH ni karibu 9 pia, na Vallisneria ikabaki pazia la nyuma?

#21 Bustani_ya_Maji (Goma)

Wazo lako ni zuri, yaya, na huenda tangi la pili likawa hivyo. Lakini hili nililianza kwa ajili ya kangaga. Nilipokuwa mtoto nililiona likiyumba kwenye mawe ya kijito, majani yake ya kijani kibichi yakiangaza kama kioo, wala sikujua kwamba watu wa Ulaya na Japani huligharimia ili walipate. Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015 baada ya kuufundisha ulimwengu kuona mandhari nzima ndani ya tangi, alilitumia sana kwenye magogo yake. Mmea huu ni wa mito yetu, na mimi nimeupokea kutoka Kampala ndani ya mfuko wa plastiki. Ninataka uishi kwangu.

Kwa hiyo nimeamua kujaribu. Nimepata mitungi minne ya lita tano: wa kwanza maji ya ziwa peke yake, wa pili nusu ziwa, nusu mvua, wa tatu mvua tupu, wa nne maji ya ziwa pamoja na jasi kidogo kwa ajili ya kalsi. Kila mtungi una kipande cha kangaga kilichofungwa juu ya jiwe na mche mmoja wa Cryptocoryne. Yote iko dirisha moja.

#22 Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Ni jaribio zuri, lakini mtungi wa nne hautakupa jibu. Kalsi ya jasi itakutana na kaboneti ya ziwa na kugeuka chokaa. Utaona maji yakiwa kama maziwa, kisha vumbi jeupe chini. Na hiyo mvua umeikingaje? Moshi wa Nyiragongo huitia mvua asidi na floridi, hasa upande wa magharibi unakovuma upepo. Ipime kwanza, na usikinge dakika za mwanzo, paa linapooshwa.

#23 Bustani_ya_Maji (Goma)

Wiki tatu zimepita. Mwalimu alisema kweli kuhusu jasi: mtungi wa nne uliota vumbi jeupe siku ya pili, nami nimeuondoa. Mvua niliikinga baada ya nusu saa ya kunyesha, na karatasi ilionyesha pH 6.

Katika nusu kwa nusu, Cryptocoryne imetoa majani matatu na kangaga lina vikunjo viwili vipya. Katika mvua tupu kangaga ni zima, lakini Cryptocoryne imedhoofika. Mtungi uliobaki ndio ulionishangaza: katika maji ya ziwa peke yake kangaga halikufa. Ni la kijani, halina weusi, ila halijatoa kitu kipya. Cryptocoryne humo imetoa jani moja jembamba la manjano.

#24 Jiwe_Jeusi (Goma)

Halikufa kwa sababu hukulifukia. Nimemaliza.

#25 Mpima_Maji (Goma)

Halikui kwa sababu halina chuma. Tia tone la EDDHA katika mtungi wa kwanza bila kubadilisha kitu kingine, kisha subiri.

#26 Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Au halikui kwa sababu ya kaboni, maana katika nusu kwa nusu pH imeshuka pamoja na chumvi zote, na hatujui ni kipi kati ya hivyo kilicholisaidia. Tena, Bukavu nako tuko kando ya ziwa hili hili. Dada yake angeweka kipande katika maji ya ziwa ya upande wetu, tungejua kama tatizo ni maji au ni nyumba ya Himbi.

#27 Dada_wa_Himbi (Bukavu)

Mimi ndiye dada. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Jana nimechota bidoni moja karibu na Muhumba, sikupitia kituo chochote, na kipande cha kangaga kimo humo tangu asubuhi juu ya jiwe. Kaka, bidoni nyingine ya maji yangu ya bomba inakuja kwa boti Jumamosi. Mtungi wako wa nne uko wazi, ujaze huo.

#28 Bustani_ya_Maji (Goma)

Nitakuwa bandarini. Nitarudi hapa na picha baada ya wiki tatu.